Macho Mekundu na Hadithi za Jioni

Katika makala haya twataka kuhakiki simulizi moja ambayo watoto wengi wa Musoma, Bunda na Butiama huisikia kabla hawajajua kusoma: kwamba kikongwe mwenye macho mekundu ni mchawi.

Hatumo miongoni mwa wale watakao mapokeo yetu yote yafagiliwe nje. Mtoto aliyezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, siku ya mvua, alipewa jina la Kambarage, nalo ni jina la mzimu wa mvua katika imani ya Wazanaki. Jina hilo halikumzuia kuingia Shule ya Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, wala kuwa Mwalimu wa taifa zima. Mazimwi na masungura wa ngano nao hawana madhara. Fanani husema "Paukwa", hadhira huitikia "Pakawa", na mtoto hujua kwamba amevuka kizingiti cha dunia nyingine, ambayo atatoka humo hadithi ikiisha.

Bali simulizi ya macho mekundu haina paukwa. Husemwa kisimani, hunong'onwa njiani kwenda shule, na mhusika wake si zimwi wa msituni. Ni bibi wa nyumba ya pili, yule aliyembeba mtoto huyohuyo mgongoni mama yake alipokwenda kulima. Hapo ndipo ilipo kasoro yake kama fasihi: imemwacha zimwi atoke hadithini akiwa na jina la mtu aliye hai.

Na ukweli ni upi? Yatupasa kuingia jikoni. Kwa miaka hamsini au sitini mwanamke huyo ameinamia mafiga katika chumba kisicho na dirisha, akipuliza kuni mbichi. Na kuni zikiadimika, mabua ya mtama, miti ya pamba, au samadi iliyokauka. Moshi huwasha macho na kuyafanya mekundu. Wengine wameugua vikope, yaani trakoma, maradhi yanayoenezwa kwa mikono, vitambaa na nzi. Maradhi hayo huwapata sana watoto wadogo, na kwa hiyo huwarudia wanawake wanaowalea. Wekundu ule, basi, ni hesabu ya vyungu alivyoinjika.

Jambo hili si la kuchekwa. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho yao. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na muuaji akikamatwa hushtakiwa. Lakini sheria hufika maiti ikiwa imekwisha kulala chini, nasi twazungumza juu ya sikio la mtoto wa darasa la pili.

Twawalaumu pia baadhi ya walimu (na hatujitoi katika lawama hiyo, maana tumewahi kulisema neno hilo wenyewe) ambao humjibu mtoto, "Huo ni ushenzi," kisha wakafuta ubao. Mtoto huyo hurudi kwao na imani ileile, ila sasa amejifunza kumficha mwalimu. Afadhali darasa zima lipelekwe katika jiko la jirani, wanafunzi waketi kando ya mafiga, mwenyeji wao akichochea kuni mbichi kwa dakika chache tu, kisha watoke nje na kutazamana macho.