Nguva wetu asingoje kuletwa na Kiingereza

Jumamosi iliyopita niliketi na vijana wanane Kisumu Ndogo, Kibera, tukaijadili riwaya ya The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa. Nakala ilikuwa moja tu. Tuliisoma kwa zamu, na Kiingereza kilipowalemea nikawafasiria papo hapo.

Riwaya hii ilichapishwa Marekani mwaka wa 2021, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Ursula K. Le Guin. Aisha, binti wa mvuvi, anaingia baharini kumtafuta babake aliyepotea. Chombo chake ni cha mifupa. Mwenzake safarini ni paka asemaye.

"Mwalimu, huyo paka ni noma!" akasema msichana mmoja.

Kijana mwingine hakuridhika. "Sasa mbona hakuna yule mwanamke-samaki? Ama huyo ni wa katuni za Wazungu tu?"

Nikamwambia jina lake ni nguva. Hakuna aliyelijua. Nguva ni mnyama wa baharini anyonyeshaye, alaye nyasi za chini ya maji. Jina hilohilo hupewa kiumbe aliye nusu mwanamke, nusu samaki. Neno moja, viumbe wawili, na wanetu wamewakosa wote.

Hapo msichana wa paka akadakia: "Lakini Dani hutuambia ya Nyamgondho." Akatusimulia habari za mvuvi maskini wa Gwassi aliyemvua ziwani mwanamke mwenye jicho moja. Mvuvi akamwoa, akatajirika kwa ng'ombe, kisha ulevi ukamfanya amtukane. Mama yule akarudi majini na mifugo yote.

Kumbe ngano ya mwanamke wa majini wanayo! Hawajaikuta tu katika riwaya ya Kiswahili.

Ndipo nilipoona ubora wa Bajaber. Hadithi nyingi tunazowaandikia vijana huwahi kutoa funzo kabla msomaji hajaogopa. Bajaber anamwacha Aisha aitamani bahari, wala hamwadhibu kwa tamaa hiyo. Hata Dani hamhubirii mtu. Ng'ombe wakishatoweka, funzo limejitoa lenyewe. Kasoro ninayoiona ni kwamba baba akishapatikana, kasi ya riwaya inapungua, na mivutano ya nyumbani kuhusu ndoa inarefushwa. Hata hivyo, mivutano hiyo ndiyo inayotuonyesha Aisha anakimbia nini.

Natamani kuisoma kazi hii kwa Kiswahili. Lakini Kiswahili kipi? Mtafsiri akimpa nyanya yake Aisha Kiswahili sanifu cha darasani, atakuwa amemnyang'anya ulimi. Bibi wa Mombasa husema "ndoo" akimaanisha njoo, na "mato" akimaanisha macho. Kimvita kibaki kinywani mwake, usanifu ubaki kwa msimulizi. Msomaji wa Kibera hatapotea; yeye huvuka kutoka Kijaluo hadi Sheng' kabla hajamaliza sentensi.

Tafsiri pekee haitoshi. Nawaomba waandishi wetu na wachapishaji wao: mpeni kijana wa Kisumu Ndogo riwaya ambamo nguva wa pwani na mama wa Nyamgondho wanasema Kiswahili, tena bila haraka ya kuhubiri.

Tulipoagana, msichana yule aliniomba daftari. Anataka kumwandika mama wa jicho moja. "Kwa Kiswahili, Mwalimu," akasema, "lakini akitukanwa, atajibu kwa Kijaluo."

Nikamwambia aandike hivyohivyo.