Dhana ya Nguvu na Uongozi katika Simulizi ya Ngoma na Majigambo ya Wanyambo: Ulinganisho na Fikra za Sun Tzu

Utangulizi

Sehemu hii inahakiki namna nguvu na uongozi vinavyosawiriwa katika fasihi simulizi ya Wanyambo wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012, lakini wilaya zote mbili zimo katika eneo la ufalme wa kale wa Karagwe uliotawaliwa na Wahinda. Tanzu mbili zinachunguzwa: simulizi ya ngoma ya urithi na majigambo, yaani ebyebugo. Andiko linalotumika katika ulinganisho ni Sanaa ya Vita, linalohusishwa na Sun Tzu wa China ya kale. Hoja kuu ni kwamba utamaduni huu ulihifadhi dhana mbili za nguvu, na mhakiki anayesoma utanzu mmoja pekee hupata nusu ya fikra.

Nguvu Isiyoonekana

Sun Tzu anamtaka jemadari awe na mambo matano: hekima, uaminifu, utu, ushujaa na nidhamu kali. Ushujaa umo, lakini ni mmoja tu kati ya matano. Kwake, ushindi ulio bora ni ule wa kumtiisha adui bila kupigana. Jemadari wa namna hiyo hapati sifa nyingi, kwa kuwa alikwisha kuandaa mazingira ya kushinda kabla ya vita, na watu huona ushindi wake kuwa jambo jepesi.

Wepesi huo ndio kiini cha simulizi ya ngoma. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika kwa mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 maelezo aliyopewa na mfalme mwenyewe. Baada ya kufariki mfalme Ndagara, ngoma ndogo iliwekwa mbele ya wanawe. Ilikuwa nyepesi kwa umbo, ila dawa iliyotiwa ndani yake iliifanya imshinde kila asiyekubaliwa na mizimu. Ndugu zake walijaribu wakashindwa. Rumanyika aliinyanyua kwa kidole kimoja.

Kisanaa, simulizi hii imejengwa juu ya kinyume: kitu kidogo ni kizito, na mwenye haki hatumii nguvu. Uhalali ndio unaopunguza uzito. Anayelazimika kutoa jasho ili atawale amekwisha kujifichua kwamba kiti si chake.

Kilichofichwa na Ngoma

Hata hivyo, Speke anaeleza pia kwamba Rumanyika aligombea kiti na ndugu yake, Rogero, na kwamba ugomvi huo ulimalizwa na bunduki za watu wa wafanyabiashara Waarabu. Rogero alishindwa. Ngoma iliyonyanyuliwa kwa kidole, basi, ilihitaji baruti.

Si sahihi kuitupa simulizi kwa sababu hiyo na kuiita uongo. Inatufundisha jinsi mshindi alivyotaka ushindi wake ukumbukwe: bila damu na bila deni kwa wageni wenye silaha. Hapa ndipo anapoachana na Sun Tzu. Mwandishi wa China anahesabu wazi gharama za vita, tangu magari hadi chakula cha askari. Simulizi ya ngoma inaifuta hesabu yote, na pamoja nayo sauti ya aliyeshindwa.

Nguvu Inayojitangaza

Majigambo yanakwenda njia nyingine. Mjigambi hushika mkuki, huenda mbele na kurudi, hujitungia majina ya sifa na kuyaunganisha na matendo yake. Hakuna wepesi hapa; hatari ikiwa ndogo, sifa nayo hupungua. Kwa kipimo cha Sun Tzu, shujaa huyu angekuwa mpiganaji mzuri na jemadari wa mashaka.

Hata hivyo, kipimo hicho peke yake hakitoshi. Katika mapokeo ya ebyebugo, shujaa alijigamba mbele ya omukama na kumwahidi utii. Anayesema ni askari. Anayesikiliza ni mtawala. Kelele ya mmoja hukamilisha ukimya wa mwingine, na majigambo hugeuka kiapo kinachosikiwa na mashahidi. Kwa njia hiyo mtawala alipata mikuki bila yeye mwenyewe kujisifu.

Hitimisho

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963, lakini majigambo yameendelea kusikika, hasa harusini. Omukama aliyekuwa msikilizaji hayupo tena. Utanzu uliobaki hai ni ule unaotukuza ushujaa wa mtu binafsi, ilhali simulizi iliyopima uhalali wa kiongozi imebakia zaidi vitabuni. Ufundishaji wa majigambo peke yake unaweza kumfanya mwanafunzi aamini kwamba kwa wazee wa Karagwe kuongoza kulikuwa kujitangaza. Sehemu hii inapendekeza tanzu hizi mbili zisomwe pamoja, na Rogero atajwe kila ngoma inapotajwa.