Taa ya T-BELT Kabla ya Kupanda Sekenke

Kuzima taa ya T-BELT bila kubadilisha mkanda wa meno unaozungusha kamshafti ni uamuzi mbovu, na hakuna namna ya kuutetea. Anayeijua barabara ya Nzega kwenda Singida ameshauona ukifanyika. Hilux Surf au Prado yenye injini ya 1KZ inatoka Mwanza imejaa watu na mizigo. Karibu na Igunga taa inawaka kwenye dashibodi. Gari linasimama kwenye gereji ya kando ya barabara. Fundi anauliza mkanda ulibadilishwa lini, na hakuna anayejua, maana gari lilinunuliwa kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Mwenye gari anatazama saa. "Izime kwanza, fundi, nikifika Dar nitabadilisha." Taa inazimwa, noti inabadilisha mikono, gari linaipita Shelui na kuanza kupanda mlima wa Sekenke.

Tendo lenyewe linastahili kutazamwa polepole. Kwenye baadhi ya Toyota kuna kizibo kidogo cha mpira kwenye uso wa dashibodi. Kikichomolewa, nyuma yake kuna kibonye kinachobonyezwa kwa bisibisi nyembamba. Kwenye nyingine dashibodi inavutwa nje, na skrubu moja iliyo nyuma yake inahamishwa kutoka tundu lake kwenda tundu la jirani. Ni kazi ya dakika chache. Hakuna waya unaotoka kwenye taa ile kwenda kwenye mkanda, wala sensa inayopima kama meno yamelika au nyuzi zimeanza kukatika. Taa inahesabu kilomita, basi. Zikitimia 100,000 inawaka. Kitu pekee inachokijua ni lini mara ya mwisho mtu aliibonyeza, na inamwamini mtu huyo kwamba alibadilisha mkanda.

Ndiyo maana kuizima ni kosa kubwa kuliko kuiacha iwake. Taa ikiachwa inawaka, mnunuzi anayefuata ataiona na atauliza. Ikizimwa odometa ikisoma 300,000, itakaa kimya hadi 400,000, na mkanda uliotengenezwa kubeba kilomita 100,000 utakuwa umetwishwa mara mbili yake bila mtu yeyote kuambiwa. Ni sawa na kuchana karatasi kwenye faili la mgonjwa, kisha kumwambia daktari wa zamu kwamba huyu hajawahi kuugua. Safu hii imeshapiga kelele kuhusu odometa zinazorudishwa nyuma hadi wasomaji wamechoka, na itapiga tena, lakini anayerudisha odometa angalau anajua kuwa ni mwizi. Huyu wa taa anajiona mtu mwema aliyeahirisha jambo dogo.

Utetezi wake wa kwanza huwa ni macho. "Tulifungua tukaangalia, mkanda bado mzima." Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani, mikanda ilipotengenezwa kwa mpira uliokuwa ukipasukapasuka mgongoni kadiri unavyozeeka, hata anayejifunza kazi aliweza kuona nyufa. Mpira wa siku hizi unastahimili joto zaidi na hubaki mweusi na laini karibu hadi siku ya mwisho. Kinachobeba mzigo ni nyuzi za kioo zilizofichwa ndani, na hizo hazionekani kwa tochi. Macho yanaweza kukwambia ubadilishe leo hii: oili iliyovuja kutoka kwenye sili ya kamshafti, ukingo uliochakaa, jino lililong'oka, beringi ya tenshena inayolia. Hayawezi kukuhakikishia kwamba unaweza kungoja.

Utetezi wa pili ni kwamba kazi ni kubwa na safari haingoji. Kwa 1KZ huu ni uvivu mtupu. Katika injini hiyo krenki inaendesha pampu ya dizeli kwa gia. Mkanda ni mfupi, unatoka kwenye pulii ya pampu kwenda kwenye kamshafti tu. Hakuna haja ya kung'oa pulii ya krenki. Unafungua kava la juu, unalinganisha alama, unalegeza tenshena, unatoa wa zamani na kuvalisha mpya. 1HZ ya Land Cruiser "mkonga" iko vivyo hivyo. Katika injini zote zinazotumia mkanda barabara hiyo, hizi mbili ni miongoni mwa zilizo rahisi kupita zote, na ndizo zinazozimiwa taa. Mafundi wanaofanya kazi sawasawa wapo, wanaobadilisha tenshena pamoja na mkanda na kuzungusha krenki mara mbili kwa spana kuhakiki alama kabla ya kugusa ufunguo.

Mwenye haki ya kulalamika ni mwenye Hilux ya 3L au 5L. Pikapu hizo zimejaa Sekenke kwenyewe, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Katika injini hizo mkanda unaanzia kwenye krenki, unapita pampu, unapanda hadi kamshafti. Pulii ya krenki lazima itoke, na boliti yake iliyokaa miaka 20 haitoki kwa maombi. Lakini hata huyo, kazi yake inamalizika siku hiyohiyo.

Sasa mlima. Sekenke haimkatii mtu mkanda mzima, na wanaoulaumu mlima wanauonea. Barabara inatoka kwenye tambarare ya Wembere na kuupanda ukingo wa nyanda za juu za Iramba kwa kona zinazofuatana, na shida yake kwa gari dogo ni nani yuko mbele. Ukikwama nyuma ya semi-trela inayopanda kwa gia ya chini, huwezi kuipita kwenye kona. Unabaki gia ya pili, injini inazunguka kwa nguvu, upepo wa kupoza rejeta ni mdogo, feni inapuliza hewa ya moto kuelekea mbele ya injini ambako mkanda umekaa nyuma ya kava lake. Joto na mpira haviivani. Honda, katika vitabu vyake vya baadhi ya magari ya Marekani, huwataka wanaoendesha mara kwa mara kwenye joto linalozidi nyuzi 43 wabadilishe mkanda kwa maili 60,000 badala ya 105,000. Singida haifiki huko, lakini chini ya boneti iliyoganda nyuma ya lori kunafika huko na kuzidi.

Injini ya dizeli ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 1,500, yaani mara 25 kila sekunde. Mkanda ukikatika, kamshafti inasimama palepale na vali zinabaki zilipo, baadhi zikiwa wazi. Krenki haisimami, kwa sababu gari liko kwenye gia na lina mwendo, kwa hiyo pistoni zinaendelea kupanda. Dizeli inawaka kwa mgandamizo, na nafasi kati ya kichwa cha pistoni na hedi ni finyu mno, haina pa kuiweka vali iliyozubaa. Zinapinda. Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, na sifa yake ya kupasuka ikipata joto inajulikana kila gereji bila hata kusaidiwa na mkanda. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na akiba ya kukanyaga mara chache kabla ya kuwa ngumu kama jiwe. Yote haya kwenye kona, nyuma kuna lori lisiloweza kusimama ghafla. Hapo ndipo "nikifika Dar" inapohesabiwa upya: gari la kuvuta hadi Singida, hedi, vali, siku za nyumba ya wageni.

Si kila mkanda una hatari hiyo, na hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Mwenye Corolla ya 5A au RAV4 ya zamani ya 3S, mkanda ukikatika gari linazima, linavutwa, unafungwa mpya, linawaka. Vali na pistoni hazikutani. Huyo akibahatisha anabahatisha muda wake. Mwenye Mark II GX110 ya 1G yenye VVT-i, Subaru Forester ya EJ20 au dizeli yoyote anabahatisha injini. Kuna mafundi wanaotumia uzoefu wa 5A kumshauri mwenye Subaru, na huo ndio ushauri ulioua injini nyingi.

Kwa gari la mtumba, swali la "lini" lina jibu fupi kuliko watu wanavyotaka: likishanunuliwa, kabla ya safari ndefu ya kwanza, isipokuwa kuna ushahidi. Ushahidi si maneno ya dalali. Magari yanayotoka Japani mara nyingi huwa na kibandiko kwenye kava la mkanda au ndani ya boneti, kimeandikwa kwa mkono tarehe na kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Tarakimu zake anaweza kuzisoma hata asiyejua herufi moja ya Kijapani. Kibandiko kisipokuwepo, chukulia kwamba mkanda ni uleule wa kiwandani. Wajapani wengi huuza gari linapokaribia kilomita 100,000, na sababu mojawapo ni kukwepa gharama hii hasa. Gari lenye 92,000 linalosifiwa yadi kuwa "limetembea kidogo" limebakiza kilomita 8,000, ambazo ni safari chache za kwenda Mwanza na kurudi Dar. Tena umri nao unahesabu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia. Sisi Tanzania tunaruhusu, kwa kuliongezea ushuru, na kwa hiyo mkanda wa miaka 15 ulio na kilomita chache ni kitu cha kawaida bandarini.

Aliyetuletea balaa hili, tuseme ukweli, ni Toyota mwenyewe. Mikanda ya meno ilianza kwenye magari madogo ya petroli: Glas 1004 ya Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha Fiat 124 Sport mwaka 1966. Ilikuwa nyepesi, kimya, rahisi kutengeneza, na kwa Fiat ya Torino hakuna neno. Lakini Land Cruiser ilikuwa na 2H, dizeli ya silinda sita iliyoendesha kamshafti yake kwa gia, chuma kwa chuma. Land Cruiser za HJ47 na HJ60 zilizeeka katika misheni na halmashauri za nchi hii bila mtu kuuliza mkanda. Mwaka 1990 ikaja 1HZ, injini nzuri kwa kila kigezo kingine, ikiwa na mkanda. Nissan hakufanya hivyo kwenye TD42 ya Patrol, aliacha gia. Land Rover alifanya vibaya zaidi: 300Tdi za mwanzo zilikuwa na pulii zisizokaa kwenye mstari mmoja, mkanda ukajisaga wenyewe, hadi kiwanda kikatoa vifaa vya marekebisho.

Na kabla ya hizo kulikuwa na Peugeot 404, cheni ndani ya injini, gari ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda nalo Safari Rally miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, kwenye barabara ambazo dereva wa leo angezikataa hata kwa trekta. Nani alimuuliza Shankland kilomita za mkanda?

Kwenye Hilux na Prado za dizeli, Toyota alijirudi mwaka 2015. Injini yao ya 1GD inatumia cheni, na mitumba yake imeshaanza kuonekana yadi za Dar. Dalali anafungua boneti na kusema "hii haina belti", na ni kweli. Cheni hiyo inakazwa kwa shinikizo la oili kwenye tenshena. Oili ikichafuka au ikipungua, cheni inalegea na kuanza kugonga. Mnunuzi, kwa furaha ya kukwepa mkanda, hachomoi hata kijiti cha kupimia oili kabla ya kutoa hela.