Safari Isiyo na Mpokezi

Kazi ya mhakiki ni kuuliza kama chombo cha sanaa, kiwe kipya au cha kale, kinamfikisha mtu mahali. Kwa kipimo hicho nakusudia kuupima mchezo wa kompyuta uitwao Elite Dangerous, uliotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Frontier Developments ya Uingereza. Mfano wa kuulinganishia nitautoa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi iliyo jirani yake. Yamkini msomaji atastaajabu kuona jando likiwekwa kando ya chombo cha anga. Namwomba avumilie, maana vyote viwili hudai kumtoa mtu alipo na kumpeleka asikokujua.

Mchezo huu huweza kuchezwa kwa njia ya uhalisia pepe. Mchezaji huvaa miwani minene inayofunika macho yote mawili, akajiona ameketi katika kiti cha rubani. Mbele yake imetandazwa galaksi yetu nzima, yenye mifumo ya nyota ipatayo bilioni 400. Baadhi yake imetolewa katika orodha za wanafalaki, na iliyobaki imekokotolewa na programu. Mchezo wa kwanza wa ukoo huu, Elite wa mwaka 1984, kazi ya David Braben na Ian Bell, ulikuwa na galaksi 8, kila moja ikiwa na sayari 256. Ukuaji huo ni mkubwa, lakini wingi peke yake haujawa sifa ya sanaa.

Sifa ya kweli ya mchezo ni kina. Kila jicho hupewa picha yake, na kichwa kikigeuka, ulimwengu nao hubadilika mbele ya macho. Aliyepata kusimama ukingoni mwa Shimo la Mungu, pale Newala, akatazama ardhi inavyoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, anajua jinsi magoti yanavyotangulia akili kukiri kina. Khofu ya namna hiyo humpata rubani anapokikaribia kituo kinachozunguka angani, naye hana budi kukizungusha chombo chake kwa mwendo ule ule ili apenye katika mlango mwembamba. Hapo mwili wake husadiki jambo ambalo akili yake inajua kuwa si kweli, na huo ni ushindi wa msanii.

Hata hivyo, kuona si kufika. Mwaka 1906, moto wa Vita vya Maji Maji haujapoa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alifika Masasi na Newala na fonografu na kamera ya sinema, akanasa nyimbo na ngoma. Kazi hiyo ilikuwa na faida, kwani ilihifadhi sauti ambazo zingalipotea. Lakini aliyezisikiliza Leipzig alisikia ngoma pasipo kujua ni mtoto wa nani aliyekuwa akishangiliwa. Alipata sauti, akakosa ujamaa uliozifanya sauti zile ziwe na maana.

Tuitazame sasa midimu, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mvaaji wa kinyago naye hufunikwa uso, tena huona kidogo kuliko watazamaji wake. Kinyago kimechongwa kwa ajili ya macho ya waliokusanyika kuwapokea vijana watokao jandoni. Vijana hao walitengwa na nyumbani, wakafundishwa, wakarejea na majina mapya. Jina jipya ni ushahidi kwamba safari yao imekubaliwa na watu.

Mchezo tunaouhakiki una sheria moja iliyo karibu na hekima hii. Rubani akigundua nyota isiyojulikana, ugunduzi hauhesabiwi wake mpaka amerudi na kukabidhi habari kituoni. Chombo kikivunjika njiani, habari alizokuwa nazo hupotea. Kwa sheria hiyo safari ya kurudi hupata uzito ambao vita vyote vya mchezo havina. Lakini akifika, nani humpokea? Hulipwa fedha, na jina lake huandikwa kwenye nyota kuwa mgunduzi wa kwanza. Ni kweli kwamba wachezaji wengine watakaopita huko watalisoma. Hata hivyo, kusomwa na wapita njia si kupokewa na wenyeji. Mwanajando alipewa jina na watu wake. Rubani amejiandika mwenyewe mahali pasipo na mtu.

Atakuwapo wa kusema kwamba mchezo si unyago, wala haupaswi kudaiwa mambo ya unyago. Namjibu kwamba umbo la safari na mapokezi halifungwi na mila moja. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alilichukua jando akalivika mafundisho ya Kikristo. Wengine walimsifu na wengine walimlaumu, lakini umbo lilihama likaendelea kuwapokea vijana. Kwa nini lisihamie katika kompyuta?

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Elite Dangerous ni nusu ya kazi kubwa. Imeijua njia, ikasahau kijiji. Wapo wanafunzi wetu wa fasihi wanaojifunza kuandika programu, na huenda baadhi yao wakatunga mchezo wa anga kwa Kiswahili. Nawashauri waanze kuutunga kutoka mwisho: waamue kwanza ni nani anayemngoja rubani, na atamwuliza nini atakaposhuka.