Wakili wa Pesa Zisizoshikika

Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, Kenya haikuwa na sheria mahsusi ya malipo kwa simu. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilipitishwa 2011, na kanuni zake zikatoka 2014. Miaka hiyo yote mama mboga wa soko la Wakulima hapa Nakuru alikuwa akituma na kupokea, na pesa zake hazikupotea. Zililindwa na hati iliyoandikwa na mawakili. Walichukua hati ya amana, chombo kikongwe cha sheria ya Uingereza kilichozoeleka kwenye mashamba na warithi, wakakipa kazi mpya: fedha za wateja zikae benki mikononi mwa mdhamini, M-Pesa Holding Company, kwa niaba ya wenyewe, zisihesabiwe kamwe kuwa mali ya Safaricom. Kampuni ikifilisika, wadai wake hawana haki ya kuzigusa. Benki Kuu ilipima mpango huo ikasema haina pingamizi.

Nikiulizwa kwa nini nauenzi uwakili wa teknolojia ya fedha, naanzia hapo. Wengi hudhani ni fani ya istilahi mpya na ofisi za vioo za Westlands. Mimi naona watu wanaouliza swali moja la zamani kwa ukaidi mkubwa: pesa hii ni ya nani, na ikipotea atajibu nani?

Swali hilo lina uzito wake katika Bonde la Ufa. Mkulima wa Rongai au Njoro akipeleka mahindi kwenye ghala lenye leseni chini ya Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya 2019, hupewa stakabadhi anayoweza kuiuza, au kuiweka rehani achukue mkopo wa karo, huku mahindi yenyewe yakisubiri bei ipande. Mtu wa blokicheni akisikia hayo hung'aa macho. Daftari lenye nakala kwenye kompyuta nyingi, ambalo hakuna karani wa kulifuta usiku, si ndilo linalohitajika hapa? Ni kweli, linafaa sana. Lakini wakili anayeijua kazi yake atataka kwanza kujua nani alipima unyevu. Mahindi yakiingia na unyevu unaozidi asilimia 13.5, ukungu utaota, aflatoksini itafuata, na daftari litaendelea kutangaza kwamba magunia 100 yapo. Litakuwa linasema kweli, na mkulima atakuwa amepata hasara. Kwa hiyo wakili huandika: kipimo kifanywe mbele ya mwenye mahindi na asaini, mwenye ghala ndiye mdaiwa wa ubora, si mtengenezaji wa programu, na ingizo likikosewa, lisahihishwe kwa ingizo jipya na sababu itajwe. Ni mistari michache tu. Kuifikia kunamtaka mtu aelewe msimbo kiasi cha kutodanganywa na mhandisi, na aelewe ghala kiasi cha kutodanganywa na msimbo. Wanafunzi wa sheria wa Kabarak wana bahati ya kusomea mwendo mfupi tu kutoka kwenye mashamba hayo, na natamani walimu wao wawapeleke maghalani kabla ya kuwapeleka kwenye makongamano.

Mahakama imeshatuonyesha jinsi ya kutazama ubunifu wa aina hii. Mwaka 2015 BitPesa, iliyokuwa ikipokea Bitcoin na kulipa shilingi kwa watu kupitia nambari za malipo za kampuni ya Lipisha, ilikatiwa huduma na Safaricom. Kampuni hizo zikaenda Mahakama Kuu. Desemba mwaka huo Jaji Joseph Onguto alikataa kutoa amri za muda za kurejesha huduma. Hakutishwa na ugeni wa sarafu. Aliangalia kilichokuwa kikitendeka: pesa zinatoka kwa mtu mmoja zinamfikia mwingine, na biashara ya kutuma pesa huhitaji idhini. Waliopenda ubunifu waliumia, na nawaelewa, ila namna ile ya kusoma ndiyo mhimili wa fani hii hadi leo.

Kuhusu programu za mikopo nitasema machache, kwa kuwa karibu kila familia ina kisa chake. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu hizo, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya namba na taarifa za watu. Nyuma ya uamuzi wa aina hiyo kuna mtu aliyehifadhi jumbe za vitisho na mwanasheria aliyejua kifungu cha kuzipeleka.

Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na usimamizi ukagawanywa kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Leseni zitatafutwa Nairobi. Huku kwetu kazi itakuja kwa mlango mwingine, ule wa mirathi. Mzee wa Subukia akifariki akiwa na akaunti ya benki, mahakama humpa mjane barua ya usimamizi na benki hutii. Akiwa na sarafu kwenye mkoba wa kidijitali alioushika mwenyewe, hakuna wa kuamriwa. Maneno ya siri 12 au 24 yakienda naye, mali imekwenda. Na hayafai kuandikwa ndani ya wosia, maana wosia ukifika mahakamani husomwa na wengi. Wakili makini humkalisha mzee angali mzima, akamweleza pole pole, bila kumharakisha: maneno yafungwe kwenye bahasha na kuhifadhiwa kando, wosia utaje kwamba mali ipo, ni ya nani, na nani amekabidhiwa bahasha. Mashahidi wawili watie saini, na huyo aliyekabidhiwa asiwe yule anayerithi peke yake.