Kimelea cha Kanari Kilichotafutwa Mahali Pawili

Mfugaji wa kanari aonapo vijana wa ndege wake, waliokwisha kujitegemea, wakinyong'onyea na kufa, na ini limevimba hata laonekana kama doa jeusi chini ya ngozi ya tumbo, aghalabu hutaja adui mmoja papo hapo, kimelea kiitwacho Atoxoplasma, ilhali ini huvimba vilevile kwa bakteria wa salmonela. Basi haijuzu hukumu kutolewa kwa macho pekee.

Mabingwa wa damu walikuwa wamekwisha kukiona kimelea hicho ndani ya chembe nyeupe za ndege, kikibonyeza kiini cha chembe, nacho mwaka 1950 P. C. C. Garnham, tabibu aliyehudumu Kenya miaka mingi, alikipa jina hilo katika makala yake juu ya vimelea vya damu vya wanyama wa Afrika Mashariki. Waliochunguza kinyesi, kwa upande wao, waliona oosisti, yaani vifuko vya kuenezea vimelea, za kimelea cha utumbo kiitwacho Isospora, wasizihusishe na damu hata kidogo. Mwaka 1959 Ralph Lainson, kwa kuwachunguza shomoro, alitoa hoja kwamba utitiri anyonyaye damu ndiye mchukuzi, na ndege huambukizwa kwa kumla. Dhana hiyo, kama ingefuatwa na wafugaji wa kanari, ingewafanya wapigane na utitiri na kughafilika na kinyesi kilicho chini ya tundu.

Aliyelifungua fundo hilo ni Edith Box, huko Texas, ambaye hakutosheka kuviona vimelea viwili katika ndege mmoja, jambo liwezalo kuwa sadfa tupu, bali aliwalisha kanari oosisti, kisha akaitafuta Atoxoplasma miilini mwao, akaipata. Ithibati hiyo ilichapishwa mwaka 1970. Mwaka 1977 alipambanua mizunguko ya maisha ya aina mbili: Isospora serini, ienezwayo mwilini na chembe nyeupe na kutolewa kinyesini kwa miezi, na Isospora canaria, isiyotoka utumboni. Kwangu mimi hili la pili ndilo adhimu zaidi, kwani oosisti kuonekana tu hakumjulishi tabibu kama maradhi ni ya utumbo au yameenea mwili mzima.

Kwa hiyo mzoga sharti upasuliwe ungali mbichi, ini, wengu na pafu vigusishwe kwenye kioo, vitiwe rangi ya Giemsa, na kiini kilichobonyea kitafutwe kwa hadubini. Kwa ndege hai, kinyesi kikusanywe alasiri, maana oosisti za ndege hawa hutoka kwa wingi jua likielekea kuchwa, na cha asubuhi chaweza kuonekana safi. Wala wasiachwe wazazi wanaoimba kwa afya tele, kwa kuwa aghalabu ndio wanaowaambukiza watoto wao.