Mtambaji wa Gizani: Sinema za Kuogofya na Kumbukumbu za Utotoni katika Nchi ya Chai

Watu waliokulia katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambao sasa wameota mvi, wana mazoea ya kuzisifu sinema za kuogofya walizozitazama utotoni na kuzibeza za siku hizi. Humtaja Boris Karloff wa Frankenstein (1931), humtaja Christopher Lee wa Dracula (1958), kisha hudai kwamba hofu ya kweli ilizikwa pamoja na hao. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sifa hizo zimepelekwa kwa asiyezistahili zote. Kilichotutisha katika kibanda cha video pale Boito kilikuwa, kwa sehemu kubwa, Kiswahili cha mtambaji aliyesimama kando ya runinga. Mtambaji huyo hatajwi katika masimulizi hayo ya hamu, na katika uhakiki wetu wa fasihi simulizi nafasi yake ni finyu mno.

Boito iko Konoin, sehemu iliyokuwa chini ya Wilaya ya Kericho kabla ya Bomet kutengwa mwaka 1992. Wakulima wadogo wenyeji ni Wakipsigis, lakini kambi za mashamba makubwa ya nchi hiyo zilikusanya pia Wagusii, Wajaluo na Waluhya. Penye jenereta moja na runinga moja, Kiswahili ndicho kilichowafikia wote. Kiingereza cha Lee kiliwafikia wachache. Kazi ya kufasiri ilikuwa na ukoo wake. Kitengo cha Filamu za Makoloni, kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1939, kilieneza sinema za magari zilizofuatana na mfasiri mwenye kipaza sauti. William Sellers, aliyekiongoza, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi, kwa hiyo mfasiri aliwekwa amshike mtazamaji mkono. Watambaji wa baadaye waliirithi kazi hiyo bila kuurithi unyenyekevu wake.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya mazimwi ya sinema kongwe ni mabubu. Kiumbe wa Karloff wa mwaka 1931 hunguruma tu. Katika Dracula: Prince of Darkness (1966), Lee hatamki hata neno moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa mtazamaji wa London kimya hicho ni sehemu ya utisho. Kwa mtambaji ni shamba lisilopandwa. Mmoja tuliyemsikia alimpa Dracula sauti ya karani wa mzani kwenye kituo cha kununulia majani mabichi. Dracula alipoinamia shingo ya binti, tulisikia: "Leo kilo ngapi, mama? Haya, tutoe kidogo, hii ina maji." Kibanda kizima kiliangua kicheko, kisha kikanyamaa, maana wengi waliokuwamo walikuwa wamesimama mbele ya mzani asubuhi ile ile. Fani ya namna hii haimo katika filamu ya Terence Fisher. Mtambaji aliipata katika kitenzi *kunyonya*, ambacho tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 kilikwisha zoea kubeba maana ya siasa: mnyonyaji ni kupe, na kupe ni mwenye kuishi kwa jasho la mwenziwe. Kitenzi kimoja kilitosha kwa meno na kwa mzani.

Neno *mumiani* lina kisa cha ajabu zaidi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza kuwa ni dawa nyeusi mfano wa utomvu iliyosemekana kutoka Uajemi, na inaongeza kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya watu iliyoganda. Shina lake ndilo lililowapa Waingereza jina la maiti zilizokaushwa za Misri, ambalo ndilo jina la sinema ya Karl Freund, The Mummy (1932). Mtambaji aliyemwita Dracula mumiani hakuwa na habari ya nasaba hiyo, wala hakuihitaji. Alijua kwamba kwa wasikilizaji wake neno hilo lilifuatana na uvumi wa wazimamoto waliodaiwa kuteka watu usiku na kuwatoa damu, uvumi ambao Luise White aliufanyia utafiti mkubwa katika kitabu chake cha mwaka 2000. Kwa hiyo jumba la mbali la milimani likageuka kuwa gari lililoegeshwa barabarani.

Wapo wanaolalamika kwamba sinema ziliwaua mazimwi wa kwetu, hasa chemosit. Hatukubaliani nao. Chemosit aliyeelezwa na A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wanandi (1909) ni nusu mtu nusu ndege, ana mguu mmoja na matako tisa, na mdomo wake mwekundu hung'aa usiku kama taa. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi hiyo hakutishwa upya na runinga inayong'aa gizani, aliitambua.

Hasara iko mahali pengine. Mjini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliisimulia kwa Kiswahili Karishika, filamu ya kuogofya ya Nijeria. Kwa kuwa sauti yake iliingizwa katika kanda, Matthias Krings aliweza kuichambua. Watambaji wa vibanda kama kile cha Boito walisema papo kwa papo, na maneno yao yamebaki katika vichwa vya waliowasikia. Mtafiti akiwauliza walitazama nini, watamtajia Lee, naye ataondoka na jina hilo tu. Afadhali awaulize Dracula wa mwaka 1966 alisema nini, tena awaulize kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kikipsigis au Kigusii, aone ni maneno yapi yanayokataa kubadilishwa.